Mpini wa Ufagio

Nilikuwa nikigonga dari kwa mpini wa ufagio:
mara tatu, pumziko, mara mbili.
Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yangu na vijana wa juu,
pale Łódź, mtaa wa viwanda vya nguo vilivyokwisha kufungwa,
jengo la matofali mekundu, lifti mbovu tangu Pasaka.

Aliyesema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi
hajalala chini ya ngoma za Tymon.

Walikuwa wanne. Tymon, mabega ya mbeba makaa.
Jagna wa besi, aliyenisalimia kwenye ngazi
akificha sigara mgongoni kana kwamba nilimzaa mimi.
Ksawery wa gitaa, koti moja majira yote.
Na Lubomira, mwimbaji, ambaye sauti yake
ina mkwaruzo katikati, kama kikombe chenye ufa
usichokitupa kwa kuwa ndicho unachonywea.
Hilo sikumwambia mtu.

Majira yale ya baridi Zenon wangu alikuwa anakufa
chumba cha nyuma, polepole, kwa adabu,
kama alivyofanya kila kitu.
Niliandika karatasi, nikaibandika mlangoni kwao:
KIMYA TAFADHALI. HAPA CHINI KUNA MGONJWA.
Wakanyamaza siku nne.
Siku ya tano Zenon akafumbua jicho moja:
"Mbona watoto hawapigi? Wimbo wao haujaisha."
Nikajifanya sikusikia.

Baada ya mazishi wakaanza tena
nami nikaushika ufagio.
Tatu. Pumziko. Mbili.
Niligonga kwa hasira, ndiyo,
ila haikuwa yao yote.

Pesa za studio hawakuwa nazo. Wakarekodi palepale,
magodoro madirishani, maikrofoni ya kuazima.
Albamu ikatoka Machi.
Nikakisia watauza nakala arobaini,
thelathini kwa shangazi zao.

Juni nikaisikia kwa muuza samaki.
Julai, kwenye tramu, dereva akiipiga mluzi.
Agosti mjukuu wa dada yangu akanipigia simu usiku wa manane:
"Bibi Halszka, wewe umo kwenye wimbo wa nne!"
Nikamwambia akalale.

Akaniletea santuri yenyewe. Jalada la manjano,
na juu yake mwandiko wangu,
herufi zilizolala upande kwa ajili ya baridi yabisi:
KIMYA TAFADHALI.
Maneno ya mgonjwa wameyaacha. Kwa hilo niliwashukuru.

Wimbo wa nne: gitaa linasita, Lubomira anavuta pumzi,
na ndani ya shimo lile la ukimya
tatu, pumziko, mbili.
Mimi.

Sasa viwanjani watu elfu ishirini huipiga kwa viganja
bila kujua wanamgombeza nani.
Nimewaona kwenye televisheni, wengine wanalia.
Santuri ya dhahabu imetundikwa ofisini huko Warsaw.
Mimi waliniletea ufagio mpya uliofungwa utepe,
na bahasha iliyomnunulia Zenon jiwe la kaburi.
Ufagio sijautumia. Umesimama nyuma ya mlango
kama mgeni ambaye hajaambiwa aketi.

Wamehama. Orofa ya juu anakaa mhasibu,
mtu safi, soksi nene,
hata akikohoa hukohoa ndani ya mto.
Silalamiki. Nalala vizuri.
Hivyo ndivyo ninavyomwambia daktari.

Jana, saa nane za usiku, niliinuka,
nikauchukua ule wa zamani, mpini uliochakaa mahali pa mkono,
nikagonga dari.
Tatu.
Nikapumzika, na mkono ukagoma.

Juu, kitanda kikalia. Soksi zikaburuta.
Kisha kisigino, sakafuni, taratibu, kwa hesabu sahihi ya mhasibu:
mbili.

Saa nane za usiku! Watu wamelala!
Kesho nitamwandikia karatasi.